Mshahara wa Kapera Mwenye Mke na Watoto

Katika taarifa ya mwaka huu twaomba nafasi kidogo tukumbushe jinsi ujira ulivyopimwa zamani katika nchi hii, maana jambo hilo ndilo lililofanya vyama vya ustawi kama hiki chetu vihitajiwe mjini.

Siku za ukoloni, kima cha chini cha mshahara kilikadiriwa kwa mahitaji ya mwanamume mmoja asiye na mke: unga wake, blanketi lake, na kitanda chake katika chumba cha watu kadhaa. Waliokadiria walijua vema kwamba wengi wa makapera hao walikuwa na wake na watoto. Lakini mke alikuwa nyumbani akilima, nao wakachukulia kwamba shamba lake litamlisha yeye na wanawe, tena litampokea mumewe akiugua au akizeeka. Basi mwanamke huyo alimchangia tajiri wa mjini kila siku kwa jembe lake, wala jina lake halikuandikwa katika daftari lo lote la mishahara. Sisi tuliozoea madaftari twaona hilo lilikuwa kosa la hesabu lililopita yote.

Tarehe 13 Januari 1947 watu wapatao 15,000 waliacha kazi Mombasa: makuli wa bandarini, watu wa reli, wa hoteli, hata watumishi wa majumbani. Mgomo ulidumu siku 12. Bwana Chege Kibachia, aliyeongoza chama cha wafanyakazi kilichozaliwa humo, alikamatwa mwaka ule ule akawekwa kizuizini miaka mingi. Mwaka 1954 Kamati ya Carpenter ilikiri kwamba mshahara wapasa kumtosha mtu pamoja na jamaa yake.

Hata hivyo jamaa hiyo ilihesabiwa kwa jina la mume. Mwanamke aliyeajiriwa mwenyewe aliendelea kungoja. Sheria ya Ajira ya 1976 ilimpa likizo ya uzazi ya miezi 2 kwa mshahara kamili, kisha kwa mkono wa pili ikamnyang'anya likizo yake ya mwaka, kana kwamba kujifungua ni kupumzika. (Mzee atakayecheka hapa na amwulize mkewe.) Ilipita miaka 31 kabla ya kosa hilo kusahihishwa. Sheria ya 2007 yampa miezi 3 bila kumpotezea likizo ya mwaka, na baba wiki 2. Tena kibarua wa kutwa aliyefanya kazi mfululizo mwezi mzima ahesabiwa kuwa mtu wa mshahara wa mwezi, hata kama mwajiri hakupenda.

Ajabu ni kwamba wengi hawaidai haki hii, hasa mabinti wanaotumika majumbani. Sheria yataka mama ampe mwajiri taarifa ya maandishi, siku 7 kabla, au mapema zaidi. Barua ya namna hiyo huandikwa ofisini petu, bila malipo.