Nyumba Yangu, Ardhi Yetu

Fikiri, msomaji, kwamba umejenga nyumba ya udongo katika ardhi isiyo yako, ukazaa na kulea humo, na kila uchao ukahofia kufukuzwa. Kisha siku moja unaambiwa kwamba ardhi ile yaweza kuwa yako. Je, utaitaka kwa masharti gani?

Swali hilo liliwafikia wakazi wa mtaa wa Tanzania-Bondeni, mjini Voi, mwanzoni mwa miaka ya 1990. Voi ni mji uliokuzwa na reli na mkonge. Watu walikuja kutafuta kazi, lakini ardhi ilikuwa mikononi mwa shirika la reli na shamba la mkonge. Wakajenga pasipo hati. Serikali, baraza la mji na wasaidizi kutoka Ujerumani walipokusudia kuutengeneza mtaa huo, wakazi walitakiwa kuchagua: kila mtu achukue hati yake, au ardhi ishikwe kwa pamoja?

Hati ya mtu binafsi ina faida zake. Mwenye nayo aweza kukopa benki, na akipatwa na shida aweza kuuza. Lakini hapo ndipo penye hatari. Tajiri huja na fedha taslimu, maskini huuza kwa dhiki, na fedha zikiisha hurudi kujenga katika ardhi ya watu. Wahenga walituonya: usiache mbachao kwa msala upitao.

Wakazi wakachagua ardhi iwe amana ya jamii, mfano wa wakfu. Nyumba ni mali ya aliyeijenga. Akihama aweza kuiuza, lakini ardhi haiuzwi. Njia hiyo haikuwa nyepesi. Sheria ya Kenya haikuwa na mpango wa namna hiyo, ikabidi kuunda chama na amana kwa pamoja, na shughuli zikachukua muda mrefu.

Waingereza walishika njia nyingine. Sheria ya mwaka 1980 iliwapa wapangaji wa nyumba za halmashauri haki ya kuzinunua kwa bei iliyopunguzwa. Zaidi ya nyumba milioni 1 zikanunuliwa, na familia nyingi zikapata mali ya kurithisha. Hata hivyo, nyumba nyingi baadaye ziliuzwa tena zikawa za kupangishwa kwa faida, na wahitaji waliofuata wakakuta akiba imepungua. Scotland iliifuta haki hiyo mwaka 2016, na Wales mwaka 2019.

Basi, msomaji, huenda siku moja wewe au wazazi wako mkapewa nafasi ya kununua nyumba mnayopanga kwa serikali. Msiulize bei peke yake. Ulizeni pia: tukiuza, tutakwenda wapi? Na atakayekuja baada yetu, naye hana kitu, atalala wapi? Watu wa Tanzania-Bondeni waliyapima yote mawili kabla ya kuamua.