Vihisi vya Mwinamo: Namna Mwendo wa Kuta za Majengo Unavyofuatiliwa

Tarehe 25 Desemba 2020, sehemu kubwa ya jengo la Beit al Ajaib lililopo Forodhani, Zanzibar, iliporomoka wakati likiwa katika ukarabati, na watu wawili wakapoteza maisha. Jengo hilo, lililojengwa mwaka 1883 katika utawala wa Sultani Barghash bin Said, ni miongoni mwa majengo mashuhuri ya Mji Mkongwe, eneo ambalo liliingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000. Tukio hilo linaonesha uzito wa swali ambalo kila msimamizi wa jengo la kale hulazimika kulijibu: je, ukuta huu umetulia au unaendelea kusogea?

Ufa pekee hautoshi kulijibu. Ufa unaweza kuwa na umri wa miaka mia moja na usiwe na madhara yoyote, ilhali ukuta usio na ufa unaoonekana unaweza kuwa unainama taratibu. Tangu zamani mafundi waashi wametumia timazi na pimamaji kukagua wima wa ukuta. Vifaa hivyo vingali na kazi yake, lakini hutoa jibu la siku ile tu fundi alipopima. Kihisi cha mwinamo hufanya kazi ya timazi usiku na mchana. Ndani yake mna chembe ndogo ya kielektroniki inayotambua mwelekeo wa nguvu ya mvutano wa dunia, na kila pembe inapobadilika, badiliko hilo hurekodiwa na kutumwa kwa waya au kwa mawimbi ya redio.

Mabadiliko yanayotafutwa ni madogo mno. Kwenye ukuta wenye kimo cha mita 3, mwinamo wa nyuzi 0.01 ni sawa na kusogea kwa sehemu ya juu kwa takribani nusu milimita. Jicho haliwezi kuona kiasi hicho, na ndiyo sababu namna ya kufunga kifaa ina umuhimu kuliko bei yake.

Kosa la kawaida ni kukifunga juu ya lipu. Kuta nyingi za Mji Mkongwe ni za mawe ya matumbawe na chokaa, zikiwa nene, na mara nyingi lipu yake imeachana na mawe kutokana na unyevu na chumvi. Kifaa kilichofungwa hapo hupima mwendo wa lipu. Inafaa lipu ibanduliwe mpaka kwenye jiwe imara, bamba la chuma lifungwe kwa boliti zilizozamishwa na kushikwa kwa gundi ya epoksi, na gundi iachwe ikauke kabisa kabla ya kipimo cha kwanza. Pale ambapo hakuna jiwe moja la kuaminika, kifaa hufungwa juu ya mhimili wa chuma wenye urefu wa mita moja hadi tatu, ulioshikwa ukutani ncha zote mbili, ili kipimo kiwakilishe eneo pana zaidi. Aidha, mhimili mmoja wa upimaji uelekezwe nje na ndani ya ukuta, kwa kuwa huko ndiko ukuta huangukia.

Kuta za namna hii zina tabia nyingine. Huwa na nyuso mbili zilizojazwa vifusi katikati, na maji ya paa linalovuja yanapoingia, uso wa nje unaweza kuvimba na kuachana na wa ndani. Kihisi kimoja cha juu kinaweza kisione lolote. Kwa hiyo hupangwa viwili au vitatu kwa kimo tofauti, na kifaa cha kupima upana wa nyufa huongezwa kando yake. Ifahamike pia kwamba ukuta unaozama wote kwa usawa haubadilishi pembe yake. Hali hiyo hugunduliwa kwa upimaji wa kimo pekee.

Baada ya kufunga, inahitajika subira. Jua la asubuhi likipiga ukuta wa mashariki, uso wa nje hutanuka na ukuta huinama kidogo kuelekea ndani, kisha hurudi usiku. Hata Mnara wa Pisa nchini Italia husogea hivyo kila siku. Kwa sababu hiyo kipimo cha joto huwekwa pamoja na kihisi, na takwimu za majuma ya awali hutumika kujua mwenendo wa kawaida. Kwa ukanda wa pwani, ni busara kipindi hicho kijumuishe masika. Kinachotia hofu ni mwinamo usiorudi, hasa unaoongeza kasi.

Huko Pisa, faida ya vipimo ilidhihirika mwaka 1995. Wahandisi walipokuwa wakigandisha ardhi upande wa kusini, mnara ulianza kuinama zaidi kuelekea kusini. Vipimo viliwajulisha mapema, kazi ikasimamishwa, na uzito wa madini ya risasi ukaongezwa upande wa pili kuuzuia. Baadaye udongo ulitolewa kidogo kidogo chini ya upande wa kaskazini, mwinamo ukapungua kwa zaidi ya sentimita 40 kileleni, na mnara ukafunguliwa tena kwa wageni Desemba 2001.

Onyo lilifaa kwa sababu palikuwa na watu waliolisoma na wenye mamlaka ya kusimamisha kazi. Viwango vya tahadhari vinapaswa kuwekwa na mhandisi wa jengo husika kabla ya ujenzi au uchimbaji wa jirani kuanza, pamoja na jina la cheo kitakachopokea taarifa na hatua itakayofuata: kukagua, kuweka nguzo za muda, au kuwaondoa watu. Kila kihisi kipewe namba na mahali pake pachorwe kwenye ramani ya jengo. Fundi wa rangi akikiondoa na kukirudisha hata sentimita chache pembeni, mfululizo wa vipimo hukatika, na tarehe hiyo huandikwa kuwa mwanzo mpya.