Gabriel Turville-Petre: profesa wa maandiko ya zamani ya Iceland

Gabriel Turville-Petre (1908–1978) alikuwa profesa Mwingereza. Kazi ya maisha yake ilikuwa kusoma maandiko ya zamani ya Iceland, inchi ya kisiwa huko kaskazini mwa bahari ya Atlantiki.

Huko Oxford, masomo yake yaliongozwa na J.R.R. Tolkien, yule mwandishi wa hadithi. Tangu 1941 mpaka 1975, yeye mwenyewe akafundisha maandiko ya Iceland katika chuo kikuu hicho.

Swali lilikuwa hili: watu wa kisiwa kile, wengi wao wafugaji, walijifunza wapi kuandika saga, masimulizi yao marefu? Kuna waliosema yote yalitoka mudomoni mwa wazee. Wengine wakasema hapana, ni kazi ya watu waliosoma vitabu.

Katika kitabu chake cha 1953, Turville-Petre alionyesha kama pande zote mbili zina sehemu ya ukweli. Iceland ilipokea ukristo karibu mwaka 1000. Kisha watu wa kanisa wakatafsiri maisha ya watakatifu toka Kilatini, wakaandika pia maisha ya mtakatifu wao wenyewe, Askofu Thorlákur, aliyefariki 1193. Mambo ya kusimulia wenyeji walikuwa nayo tayari. Vitabu vile viliwafungulia njia ya kuyaandika, tena kwa lugha yao.

Ndiyo maana mwenye kutaka kuelewa saga vizuri, asome na maisha ya watakatifu.