Tuliyemcheka

Wazee wenzangu wa Iringa hawajalisahau gari la sinema. Lilifika kijijini mara moja moja, na siku hiyo hakubaki mtu nyumbani. Jioni shuka jeupe lilitundikwa, jenereta ikaanza kunguruma, nasi watoto tukakaa chini mbele kabisa, tumejifunika mablanketi kwa baridi. Kwanza tulionyeshwa mambo ya mbolea na vyoo. Ndipo ikaja ile tuliyoingojea: Muhogo Mchungu.

Filamu hiyo ilitengenezwa Tanganyika mwanzoni mwa miaka ya 1950, serikali ya kikoloni ikishirikiana na kampuni ya Afrika ya Kusini. Ilizungumza Kiswahili na waigizaji wake walikuwa Waafrika, jambo geni siku hizo. Ni kichekesho cha kijana wa shamba, asiyejua hili wala lile, anayeingia mjini. Tulicheka mpaka mbavu zikauma. Babu yangu peke yake hakucheka. Njiani kurudi aliniuliza, "Yule mliyekuwa mkimcheka ni nani, kama si ninyi wenyewe?"

Aliyeigiza mshamba yule alikuwa Rashidi Mfaume Kawawa, mzaliwa wa upande wa Songea mwaka 1926, aliyesoma Tabora na wakati huo akiwa mtumishi wa serikali. Historia nayo ina mizaha yake. Januari 1962, Mwalimu Nyerere alipojiuzulu uwaziri mkuu ili akaimarishe TANU, aliyekabidhiwa kiti hicho alikuwa huyo huyo Muhogo Mchungu wetu. Aliitumikia nchi miaka mingi, akafariki tarehe 31 Desemba 2009.

Laiti ningalilitafakari swali la babu mapema. Miaka ya 1970, nikiwa mwalimu kijana niliyetoka chuo cha ualimu karibuni, nilimpokea mvulana kutoka milima ya Kilolo. Alivaa koti la baba yake lililomfika magotini, na Kiswahili chake kilijaa lafudhi ya Kihehe. Siku moja nilimwiga mbele ya darasa, nikampachika jina: Muhogo Mchungu. Darasa zima liliangua kicheko. Kabla ya muhula kwisha aliacha shule. Nami chuoni nilikuwa nimefaulu vizuri somo la saikolojia ya mtoto!

Hivi karibuni mjukuu wangu alinionyesha filamu ya Kimarekani ya mwaka 2004, Napoleon Dynamite, juu ya vijana wa mji mdogo wa Preston, jimbo la Idaho, ambao wenzao hawawathamini. Nilitazamia Napoleon achekwe mpaka mwisho. Lakini anapopanda jukwaani na kucheza dansi ili rafiki yake Pedro achaguliwe kiongozi wa wanafunzi, shule nzima inasimama kumpigia makofi. Hakulazimika kuhamia mjini, wala kuwa mtu mwingine. Machozi yalinilengalenga, mjukuu akadhani ni kicheko.

Yule mvulana wa Kilolo nilikuwa nimekutana naye miaka mingi nyuma, sokoni Iringa mjini, akiuza viazi. "Shikamoo, mwalimu," aliniamkia kwa heshima zote. Niliitikia, nikakiri kwamba simkumbuki.

"Mimi ndiye Muhogo Mchungu wako," akasema, akitabasamu. Akanipimia viazi, akaniongezea viwili vitatu.

Wahenga walisema mtenda husahau, mtendewa hasahau. Jina lake halisi sikuthubutu kumwuliza.