Bei ya Shaq

Mwezi Julai 1996 gazeti la Orlando Sentinel, kule Florida, liliwauliza wasomaji wake swali la moja kwa moja: je, Shaquille O'Neal anastahili kulipwa dola milioni 115? Watu 5,111 walijibu, na asilimia 91.3 kati yao wakasema hapana. Tarehe 18 mwezi huohuo jamaa akasaini mkataba na Los Angeles Lakers, miaka saba, dola milioni 120. Orlando ikabaki na majibu yake ya gazetini.

Ndugu msomaji, nimekuwa nikilifikiria swali lile kwa muda mrefu kuliko inavyostahili mtu asiye na tiketi hata moja ya mpira wa kikapu wa Marekani. Mimi naufuata mchezo huu kwa mbali, kama wengi wetu, na kila kiangazi cha kule, ligi inapofungwa na usajili kuanza, kijiweni huwaka moto: nani kahama, nani kauzwa, nani kalipwa mapesa ambayo hata kuyahesabu ni kazi. Kinachonisumbua ni kwamba karibu wote, wa kule na wa hapa, tunapanga bei ya mchezaji. Bei ya mwenye klabu haigusi mtu.

Tuanze na hali ilivyokuwa. Zamani mchezaji wa NBA mkataba wake ukiisha hakuwa huru. Klabu ilibaki na haki juu yake, na asipokubaliana nayo hakuwa na pa kwenda. Mwaka 1965 Wilt Chamberlain alipata dola 100,000 kwa msimu, na Bill Russell wa Boston akadai na kupewa dola 100,001. Ile dola moja ilikuwa ya heshima tu, lakini hao walikuwa majabali wawili. Wengine wengi walifanya kazi nyingine msimu ulipokwisha. Mwaka mmoja kabla, 1964, wachezaji nyota waliokusanyika Boston kwa mechi yao ya kila mwaka walijifungia chumbani na kukataa kuingia uwanjani mpaka waahidiwe pensheni. Pensheni, jamani! Watu walikuwa wanadai jambo ambalo karani yeyote wa ofisi analiona la kawaida.

Kisha akaja Oscar Robertson. Akiwa kiongozi wa chama cha wachezaji, mwaka 1970 aliishtaki ligi mahakamani. Wakati huo kulikuwa na ligi ya pili, ABA, iliyoanza 1967, na ushindani wa ligi mbili ulikuwa umepandisha mishahara. Wenye klabu walitaka kuziunganisha wapumue. Kesi ikawazuia mpaka 1976, walipokubaliana, na hapo ndipo mlango wa mchezaji kuondoka ukaanza kufunguka kidogo kidogo. Ukimsikia mtu anasema wachezaji wa siku hizi wanahamahama kama ndege, mwambie uhuru huo ulidaiwa miaka sita mahakamani.

Mwaka 1983 pande mbili zilikubaliana juu ya kikomo cha mishahara: wachezaji wapate asilimia 53 ya mapato, na kila klabu isizidishe kiasi fulani. Msimu wa 1984-85 kikomo hicho kilikuwa dola milioni 3.6 kwa timu nzima. Lakini waliacha upenyo: klabu iliruhusiwa kuvuka kikomo ili kumbakiza mchezaji wake yenyewe. Upenyo huo watu waliubandika jina la Larry Bird wa Boston. Ushike vizuri, maana bila huo kisa cha Orlando hakieleweki.

Basi, kiangazi cha 1996. Shaq alikuwa na umri wa miaka 24. Aliichukua timu changa akaifikisha fainali ya 1995, wakafungwa na Houston michezo minne kwa sifuri. Mwaka uliofuata Chicago ikawafanya vilevile kabla ya fainali. Wapinzani wa mshahara wake walikuwa na hoja, wala sizidharau: hajashinda ubingwa, hajui kufunga mipira ya adhabu, na anapenda sinema mno (filamu yake ya Kazaam ilitoka siku moja kabla hajasaini Los Angeles, na waliokwenda kuiona hawakuisifia sana). Na kweli, mtu anayetoka kazini na ujira wake wa saa akisoma milioni 115 gazetini, moyo lazima umruke.

Lakini tazama sheria ilivyokaa. Kwa upenyo ule wa Bird, Orlando ndiyo klabu pekee iliyoweza kumlipa chochote ilichotaka bila kujali kikomo. Lakers ndio walioteseka kupata nafasi. Walimtoa Vlade Divac kwenda Charlotte wakapewa kijana wa shule ya sekondari aitwaye Kobe Bryant. Wakawatoa na George Lynch na Anthony Peeler kwenda Vancouver, karibu bure, ili tu wapunguze mishahara. Tena Florida haina kodi ya mapato ya jimbo, California inayo, hivyo dola ya Orlando ilikuwa nzito mfukoni kuliko ya Los Angeles. Kila kitu kiliegemea upande wa Orlando. Kilichokosekana ni mtu wa kusema mapema: kijana, unastahili. Klabu ilianza na bei ya chini, ikawa inapanda ngazi polepole, na wakati inapanda gazeti likawauliza majirani zake kama anafaa. Mwenyewe amelitaja swali lile baadaye. Nisingependa kusema ndilo lililomfukuza, kwa sababu Los Angeles ni Los Angeles, ila ukiulizwa bei yako hadharani na mji mzima ukajibu hapana, utalala usingizi wa namna gani?

Mmiliki wa klabu, Rich DeVos, tajiri wa kampuni ya Amway, alikuwa ameinunua mwaka 1991 kwa dola milioni 85. Sijasikia gazeti lililouliza wasomaji kama yeye anastahili faida ya kupanda kwa thamani yake.

Kiangazi kilekile kilikuwa kama soko la Jumamosi. Alonzo Mourning alibaki Miami kwa milioni 105. Juwan Howard akasaini hapohapo Miami, ligi ikaufuta mkataba ikisema klabu imevunja hesabu ya kikomo, naye akarudi Washington kwa takriban milioni 105. Michael Jordan alilipwa milioni 30.14 kwa msimu mmoja, wakati kikomo cha timu nzima kilikuwa milioni 24.363! Mtu mmoja alizidi kikomo cha timu. Na Dikembe Mutombo, Mkongo wetu, aliondoka Denver kwenda Atlanta kwa mkataba wa miaka mitano wa karibu milioni 55. Mashabiki wa Denver walilalamika kama wa Orlando. Mwaka 2007 ilifunguliwa Kinshasa hospitali yenye jina la mama yake, Biamba Marie, aliyefariki 1997, nayo imejengwa kwa sehemu kubwa kwa fedha za Mutombo mwenyewe. Nalitaja hili kwa furaha, siyo kama utetezi. Mshahara haungoji uombewe radhi kwa sadaka. Hata angenunua magari matupu, pesa ilikuwa yake.

Wenye klabu waliogopa. Oktoba 1997 Minnesota ilimpa Kevin Garnett, kijana wa miaka 21, milioni 126 kwa miaka sita, zaidi ya bei ambayo mwenye klabu alilipa kuinunua klabu yenyewe mwaka 1994. Tarehe 1 Julai 1998 milango ikafungwa, wachezaji nje. Ilipofunguliwa Januari 1999 msimu ulikuwa umebaki michezo 50 badala ya 82, na kwa mara ya kwanza kukawa na kilele cha mshahara wa mtu mmoja: milioni 9, 11 au 14 kwa kuanzia, kutegemea miaka aliyocheza. Mashabiki walichoka na pande zote mbili, wakasema ni matajiri wanagombana na matajiri. Nawaelewa. Ila kilele hicho kilimbana nyota anayejaza uwanja, na mwenye klabu hakuwekewa chake.

Na Shaq? Alishinda ubingwa na Lakers 2000, 2001 na 2002. Orlando wamefika fainali mara moja tu tangu aondoke, mwaka 2009, wakafungwa na Lakers haohao. Februari 2024 walimpa heshima ya kuitundika jezi yake namba 32, ya kwanza katika historia ya klabu.

Rafiki zangu hunijibu kwamba mishahara ndiyo inayopandisha bei ya tiketi. Mimi naona ni kinyume. Tiketi huuzwa kwa bei ambayo watu wako tayari kulipa, na televisheni vilevile, kisha wanaogawana hukaa chini. Mkataba wa matangazo uliotangazwa Julai 2024 ni wa dola bilioni 76 kwa miaka 11. Ndani ya bahari hiyo Jayson Tatum wa Boston alisaini milioni 314 kwa miaka mitano mwezi huohuo. Jerry Buss aliwanunua Lakers mwaka 1979, pamoja na timu ya magongo ya barafuni, uwanja na shamba, kwa milioni 67.5. Juni 2025 familia yake ilikubali kuuza hisa nyingi kwa hesabu inayoipa klabu thamani ya takriban bilioni 10.

Ubishi wenyewe haujaisha. Boston walikuwa mabingwa 2024. Mei 2025 Tatum alikatika kano ya kisigino, na kiangazi hicho klabu ikawatoa Jrue Holiday kwenda Portland na Kristaps Porziņģis kwenda Atlanta ili kukwepa kodi ya ligi kwa wanaozidisha mishahara. Kijiweni walimlaumu Tatum na milioni zake. Niliwauliza klabu hiyohiyo mwaka huo iliuzwa kwa kiasi gani. Ni bilioni 6.1. Mmoja akasema hayo hayamhusu, anachotaka yeye ni kujua nani atadaka mipira chini ya kikapu msimu ujao, akaagiza chai nyingine.