Mbiru: kodi iliyowashusha Wapare hadi bomani Same

Imetimia miaka 80 na ushee tangu Wapare waliposhuka kutoka milimani, wakapiga kambi karibu na boma la Same na kukataa kurudi makwao mpaka kodi moja ifutwe. Kodi yenyewe ilikuwa mbiru. Mapambano yale yalianza katikati ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia na kumalizika 1947, miaka 14 kabla ya Uhuru. Hayakuwa na jeshi wala bunduki upande wa wananchi. Walichotaka ni kujua mali zao zilipimwaje, na nani aliwapa wapimaji ruhusa hiyo.

Vijana wengi wa leo wanakutana na maswali ya mali na kodi mahali pengine kabisa: kwenye kompyuta na simu, katika michezo ya mikakati yenye falme za kubuni, majoka na wachawi. Wazee wakiwaona wanadhani ni kupoteza muda tu. Lakini michezo hiyo ina hesabu nzito. Katika Heroes of Might and Magic III, uliotoka 1999, mchezaji anasimamia mali za aina saba: dhahabu, mbao, mawe ya madini, zebaki, salfa, fuwele na vito. Kiwanda cha mbao kinampa mbao 2 kwa siku, na mgodi wa dhahabu unampa sarafu 1,000. Akikosa aina moja hawezi kujenga anachotaka, hivyo inambidi aende sokoni, ambako atauziwa kwa bei ya kuumiza mpaka awe na masoko mengi zaidi. Aliyeucheza anaelewa mapema kwamba nguvu ya mfalme haianzi kwenye upanga. Inaanzia kwa anayeshika kile ambacho jirani hana.

Ugweno, kaskazini mwa Milima ya Upare, ililijua hilo karne nyingi kabla ya kompyuta. Profesa Isaria Kimambo, mwana wa Upare aliyefundisha historia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alikusanya simulizi za wazee wa koo na mwaka 1969 akachapisha historia ya kisiasa ya Wapare. Kwa maelezo yake, waliotangulia kushika utawala Ugweno walikuwa Washana, ukoo wa wahunzi. Walikusanya mchanga wenye chuma, wakauyeyusha kwa mkaa na mvukuto, wakafua majembe, mikuki na mapanga. Wachaga wa Kilimanjaro walikuwa na ardhi yenye rutuba na migomba mingi, lakini chuma walikitegemea Upare. Baadaye ukoo wa Wasuya uliwapindua Washana, nao wakaachwa waendelee na uhunzi wao. Chini ya Mranga, mtawala wa Kisuya anayekumbukwa kwa mageuzi yake, Ugweno ikawa dola yenye mabaraza, mipaka na ushuru.

Mali ya pili ilikuwa maji. Same mjini na tambarare zake ni nchi kavu, kwa sababu mvua nyingi huishia juu milimani, upande wa Shengena, kilele chenye urefu wa mita 2,462. Wapare wakabuni ndiva, bwawa dogo la kuhifadhia maji ya mfereji. Jioni tundu la kutolea maji linazibwa, na usiku kucha maji yanaingia na kujaa nyuma ya ukingo wa udongo na mawe. Alfajiri kizibo kinaondolewa, na maji yanashuka kwa nguvu hadi kwenye mashamba ambayo kijito chenyewe kisingeyafikia. Kila mwenye shamba ana zamu yake. Mfereji ukizibwa na matope, watu wanaitwa kwenye msaragambo, yaani kazi ya pamoja, na asiyefika hawezi kudai maji kama aliyefika. Utaratibu wote uko hadharani. Hata mtoto anajua leo ni zamu ya nani.

Hapo ndipo mkasa wa mbiru unapoeleweka. Zamani neno hilo lilitumika kwa ushuru ambao watu waliwapelekea watawala wao wa jadi. Katika miaka ya mwanzo ya 1940, serikali ya kikoloni ikishirikiana na wakuu wa Upare ikaliokota jina lile na kulivika kodi mpya. Kulikuwa tayari na kodi ya kichwa, ambayo kila mwanamume alilipa kiwango kimoja. Mbiru iliongezwa juu yake, na yenyewe ilipanda kadiri ya utajiri wa mtu: mifugo yake, mashamba yake, kahawa yake. Mwenye zaidi alipe zaidi.

Ukiisoma karatasini, hoja hiyo ina haki ndani yake, na maofisa wa Kiingereza waliiona ni hatua ya maendeleo. Wapare waliona kingine. Hawakushirikishwa kuitunga. Hawakuelezwa vigezo vya kumpima mtu. Majirani wawili wenye hali zinazofanana walijikuta wamepangiwa viwango tofauti, na hakuna aliyeweza kueleza tofauti imetoka wapi. Zaidi ya hayo, watu walioshuhudia mkoloni akihesabu kila kitu tangu enzi ya Wajerumani hawakuamini kwamba ng'ombe wakishaandikwa daftarini mambo yataishia hapo.

Kimambo aliandika kitabu kidogo kuhusu mapambano hayo, kilichotoka 1971, na sauti inayosikika sana ndani yake ni ya Paulo Mashambo wa Mamba, mmoja wa viongozi wa upinzani. Kwa simulizi hiyo, wananchi hawakuwa wanakwepa kodi. Walisema wazi kwamba kama hazina inahitaji fedha, kodi ya kichwa iongezwe, kila mtu alipe sawa na ajue anacholipa. Mapema 1945 maelfu yao walishuka Same. Walikaa kwa zamu: waliochoka walirudi milimani, wengine wakashika nafasi zao. Serikali ilitegemea njaa na uchovu viwatawanye, lakini watu waliozoea kugawana maji ya ndiva kwa zamu walijua jinsi ya kugawana hata msimamo. Walikaa. Barua za malalamiko zikaandikwa kwa ngazi za juu za serikali.

Kisha wakaingia wanawake. Waume walikuwa Same kwa muda mrefu, mashamba yakabaki mikononi mwa wake zao, na nyumba nyingi hazikuwa na baba. Mtafiti wa Kimarekani Jean O'Barr, aliyefanya utafiti Upare, ameeleza jinsi wanawake wa Usangi walivyojitokeza kwa wingi kumkabili ofisa wa serikali. Walimwambia achague: ama amalize ugomvi huu wanaume warudi majumbani, ama yeye mwenyewe awape mimba wote. Mwaka 1946 maandamano yao yalifikia hatua ya kurushiana mawe. Katika jamii ambayo mwanamke hakutarajiwa kuzungumza mbele ya baraza la wanaume, sembuse mbele ya Mzungu mwenye cheo, maneno yale yalikuwa mazito kuliko mawe. Yalikuwa na hesabu ndani yake: hazina yako imetunyang'anya nguvu kazi ya nyumba, basi lipa.

Mwaka 1947 mbiru ikafutwa. Badala yake kodi ya kichwa ikaongezwa, kama wananchi walivyopendekeza tangu mwanzo. Wapo wanaosema walipoteza, kwa kuwa kodi ya kiwango kimoja humwelemea maskini. Naiheshimu hoja hiyo, lakini inasahau waliyekuwa wakibishana naye. Kodi ya haki iliyotungwa gizani na mtu asiyewajibika kwako haina haki yoyote inayoshikika. Wapare walichagua mzigo wanaoujua uzito wake.

Turudi kwenye michezo ya vijana, maana inalionyesha jambo hili bila kukusudia. Katika Warcraft III mchimbaji anaingia mgodini na kutoka na dhahabu 10. Kwa kanuni za toleo la nyongeza la 2003, jeshi lako likihitaji chakula zaidi ya 50, katika kila dhahabu 10 zinazochimbwa unaandikiwa 7 tu. Likipita 80, unaandikiwa 4. Hiyo nayo ni kodi inayopanda kadiri ya ukubwa, ndugu wa mbiru kabisa. Hata hivyo wachezaji wanaikubali, kwa sababu kiwango kimeandikwa juu ya kioo, ni kimoja kwa wote, na kila mmoja anaona mapema lini atavuka mstari. Kasoro kubwa ya michezo hiyo iko kwa mchimbaji mwenyewe. Anaingia na kutoka mgodini mpaka dhahabu iishe, hana mke wa kumsubiri, hana swali, hana njia ya kukataa. Kijana anayejifunza utawala kwa njia hiyo peke yake anaweza kuamini kwamba nchi ni ghala na watu ni mikono ya kulijaza.

Baada ya 1947 habari zinakwenda mbio. Kikaja chama cha TANU, ukaja Uhuru wa 1961, na wilaya ya Pare ikagawanywa kuwa Same na Mwanga. Ndiva nyingi zilibomoka, baadhi zikakarabatiwa kwa saruji kwa msaada wa miradi ya umwagiliaji, nyingine zimejaa matope kwa sababu msaragambo umelegea.

Lakini kumbukumbu ya mbiru imelegea zaidi. Kila mwaka maelfu ya mabasi ya Dar es Salaam na Arusha yanapita Same, na abiria hawana habari kwamba hapo watu wasio na silaha waliishinda serikali ya kikoloni. Kitabu cha Kimambo kuhusu mbiru kinastahili kutafsiriwa kwa Kiswahili na kuwekwa katika kila shule ya sekondari ya Same na Mwanga. Na vijana wetu wanaojua kuandika programu wana hadithi tayari mikononi: chuma cha Washana, maji ya ndiva na dola ya Mranga. Watengeneze mchezo wa mikakati wa Upare ambamo mtawala anaweza kupanga kodi yoyote aitakayo, lakini asipoieleza kwa wanaoilipa, wanashuka mlimani na kukaa mlangoni pake, kazi zote zinasimama, na hakuna kitufe cha kuwafukuza. Atashinda tu atakayekubali kuwasikiliza.