Barnstormers wa Des Moines: Timu Iliyouzwa, Jina Likabaki

Februari 11, 1981, Jim Foster alikuwa ndani ya Madison Square Garden, New York, akitazama soka ya ukumbini. Mechi ikiendelea, alichukua bahasha ya kaki akaanza kuchora: uwanja wa futiboli ya Marekani, lakini mdogo, unaotoshea mahali panapochezewa magongo ya barafuni. Urefu yadi 50 badala ya 100, upana futi 85, wachezaji 8 kila upande badala ya 11. Miaka sita baadaye, majira ya kiangazi ya 1987, mchoro ule ulikuwa umeshazaa Arena Football League, ligi iliyoanza na timu nne: Chicago, Denver, Pittsburgh na Washington.

Mchezo huu hauna subira. Kupiga mpira mbali ili kujiokoa, jambo la kawaida kwenye viwanja vikubwa, hapa ni marufuku. Kandokando ya magoli hutundikwa nyavu ndefu. Mpira ukiugonga wavu na kurudi bila kugusa chini bado uko hai, na yeyote anaweza kuudaka. Pembeni pamejengwa ukuta uliofungwa sponji. Mdakaji akikimbia kwa kasi kufuata mpira na beki yuko mgongoni, wote wawili hujibamiza kwenye ukuta huo, wakati mwingine wakapinduka na kuangukia mapajani mwa watu wa mstari wa kwanza. Mpira nao ukiingia jukwaani haudaiwi. Aliyeudaka huenda nao nyumbani.

Foster, aliyesoma Chuo Kikuu cha Iowa, aliupeleka mchezo wake Des Moines, makao makuu ya jimbo hilo la mahindi, na mwaka 1995 akaanzisha Iowa Barnstormers. Jina alilitoa kwa marubani wa miaka ya 1920 waliozunguka vijijini na ndege zao, wakifanya sarakasi angani juu ya mashamba. Helmeti za timu zikachorwa miwani mikubwa ya rubani, na hadi leo ni vigumu kuzifananisha na za timu nyingine yoyote. Mechi zilichezwa Veterans Memorial Auditorium, ukumbi uliofunguliwa 1955, ambao watu wa Iowa walikuwa wakiujua kwa mashindano ya mpira wa kikapu ya shule za sekondari. Mashabiki waliuita The Barn, ghala la shambani, na wakaujaza.

Iowa haina timu hata moja katika ligi nne kubwa za michezo za Marekani. Barnstormers walipofika, watu walipata wachezaji wa kulipwa ambao wangeweza kuwaita kwa majina na wakageuka. Ligi yenyewe ililea ukaribu huo: filimbi ya mwisho ikishalia, wachezaji walibaki uwanjani kusaini fulana, mipira na vipande vya karatasi vya watoto.

Mmoja wa waliosaini alikuwa Kurt Warner. Alizaliwa Iowa, akasoma Iowa, na mwaka 1994 Green Bay Packers, timu ya NFL, ligi kuu ya futiboli ya Marekani, walimwacha kabla msimu haujaanza. Akaajiriwa kupanga bidhaa usiku kwenye duka kubwa la Hy-Vee huko Cedar Falls, kwa dola 5.50 kwa saa. Barnstormers ndio waliomrudisha uwanjani. Katika misimu mitatu, 1995 hadi 1997, alirusha pasi 183 za kufunga. Ukumbini mrushaji hapewi nafasi ya kufikiri mara mbili, maana mabeki humfikia upesi na njia za pasi ni finyu. Warner alijifunza kuachia mpira haraka, na silaha hiyo akaondoka nayo.

Kombe, hata hivyo, halikuja. Mwaka 1996 fainali ilichezwa The Barn penyewe, mbele ya watu zaidi ya 11,000, na Tampa Bay Storm wakashinda 42 kwa 38. Mwaka uliofuata Iowa walifungwa tena fainali, safari hii na Arizona Rattlers, 55 kwa 33. Warner akaenda zake NFL. Januari 2000 aliiongoza St. Louis Rams kutwaa Super Bowl, fainali ya NFL, akiwa mchezaji bora wa mechi, na Des Moines walimshangilia kama mtoto wao.

Mwaka huohuo wa 2000 ulileta pigo. Timu ilikuwa imeuzwa, na msimu ulipomalizika ikahamishiwa Long Island, ikavalishwa jina jipya la New York Dragons. Kocha John Gregory alihama nayo, na mrushaji Aaron Garcia pia. Jina la Barnstormers lilijaribiwa Des Moines mwaka 2001 katika ligi ndogo ya af2, likadumu msimu mmoja.

Lakini fulana hazikutupwa. Mwaka 2008 Barnstormers walirudi, katika ligi ileile ndogo, kwenye ukumbi mpya wa Wells Fargo Arena, na aliyesimama kando ya uwanja alikuwa Gregory yuleyule. Ligi kubwa ilipofufuliwa 2010 baada ya kufilisika, Iowa waliingia tena. Mwaka 2015 wakahamia Indoor Football League. Kuhama huko hakukuwaondoa mashabiki, kwa kuwa walichokifuata kilikuwa palepale: helmeti ya miwani, ukuta wa sponji, mpira wa kwenda nao nyumbani.

Julai 2018 Barnstormers waliwakabili Sioux Falls Storm katika fainali ya ligi hiyo, wakashinda 69 kwa 68. Hatimaye, ubingwa. Mwaka uliofuata Arena Football League, ile iliyozaliwa kwenye bahasha ya Foster, ilifilisika tena na kufunga milango. Barnstormers waliendelea kucheza Des Moines.